Desemba Isiyo na Mizinga

Kila mwenye mshahara hapa Dodoma anaijua Desemba yake. Ikifika tarehe kumi na kitu simu haitulii. Mpwa anataka raba za sikukuu. Shemeji amekwama kwa wakala, anaomba asukumiwe elfu ishirini, atarudisha Jumatatu ambayo hasemi ni ya mwezi gani. Kamati ya harusi ya mtu uliyesoma naye kozi ya miezi mitatu inakukumbusha ahadi yako. Mzee wa kanisa anapiga kuuliza habari za familia, na wewe unajua kabisa kwamba habari za familia zitaishia kwenye bati za nyumba ya mchungaji. Tunaita kupigwa mizinga, na kulalamika tumezoea. Wengine huzima simu. Wengine wana laini ya pili isiyojulikana na ukoo. Ofisini kwetu alikuwepo mmoja anayeanza kulia njaa tangu Oktoba, ili Desemba ikifika awe ameshazoeleka kuwa hana kitu.

Desemba ya 2024 simu yangu ilinyamaza.

Mwanzoni mwa Novemba nilikuwa nimeachishwa kazi. Nilianza kama mtunza stoo, baadaye ofisa ununuzi, kwenye kampuni ya vifaa vya ujenzi: nondo, saruji, bati, mabomba, vigae. Anayeijua Dodoma ya miaka hii ataelewa tulivyouza. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipitishwa 1973, lakini kwa miaka mingi ulibaki kuwa maneno ya mikutanoni mpaka 2016, serikali ilipofunga mizigo kweli. Mwaka 2018 tukawa jiji. Mtumba ikaota wizara, Iyumbu na Ihumwa zikaota nyumba, na kila kiwanja ukipita kina rundo la mchanga na kijana amelala juu yake akisubiri lori. Tuliuza mpaka tukadhani mji hautaacha kujengwa. Kumbe wauzaji nao walizidi, wadaiwa wakazidi zaidi, na wenye mali wakaamua kupunguza watu. Sitaingia huko. Barua nilisomewa na dada wa utumishi kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya kanisani, tukashikana mikono, nikarudisha funguo za stoo.

Niseme kidogo kuhusu haki, maana nimekuta watu wengi wenye elimu zao hawajui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe taarifa mapema, aeleze sababu, na ashauriane na wafanyakazi au chama chao. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi isiyopungua siku 28, au fedha badala yake. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliotimia, na hesabu inaishia miaka kumi. Ukiona umeachishwa isivyo halali, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi; zikipita, utaanza kwa kuomba kuongezewa muda kabla hata hujasikilizwa. Na NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, wana fao la kukosa ajira kwa aliyechangia miezi 18 na zaidi, asilimia 33.3 ya mshahara kwa miezi isiyozidi sita. Usisaini kitu kabla ya kupiga hesabu. Mimi nilipiga: miaka tisa mara siku saba ni siku 63. Miaka tisa ya kuhesabu nondo za watu inalipwa kwa miezi miwili na siku tatu.

Hilo la fedha lina adabu yake. Ukijua una kiasi gani na kitaisha lini, unakata matumizi, unalala. Mke wangu ni fundi cherehani huku Nkuhungu, na Desemba ndiyo mavuno yake, kwa hiyo hatukulala njaa. Nyumba iligeuka tu. Yeye alikaa kwenye cherehani mpaka usiku wa manane na vitenge vya watu hadi magotini, mimi nikawa mpika ugali, mpiga pasi, mbandika vifungo na msambazaji wa nguo kwa wateja. Mteja mmoja wa Area C alinipa elfu moja ya soda akidhani ni kijana wa kazi. Niliipokea. Mke wangu alicheka mpaka akatoboa kidole.

Kilichoniuma kilikuwa kitu nisichokitegemea, nacho ni upole wa watu.

Tulikuwa na kijiwe chetu cha jioni, nyama ya mbuzi, ndizi, soda kwa wanaokunywa soda. Bili ilikuwa inapita mkono kwa mkono, kila mtu anaitazama, anaguna, anatoa chake. Baada ya Novemba bili ikawa haipiti kwangu. Iliinuka upande wa kulia, ikanizunguka mgongoni, ikatua upande wa kushoto. Hakuna aliyesema neno. Yule dada anayehudumia naye alishaelekezwa, maana hata macho hakunipa. Mtu mwingine angeshukuru, na ninajua wapo waliowahi kuachishwa wakatamani marafiki wa namna hiyo. Mimi nilikaa pale nikitafuna nyama iliyolipiwa, na ladha yake sikuipata.

Halafu ikaja orodha. Tuna kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja sekondari, na katikati ya Desemba mwenzetu mmoja alifiwa na mama yake. Utaratibu wetu mnaujua, ni wa makundi yote: mweka hazina anaweka majina kwa namba, kila jina na kiasi chake, na anayetoa anawekewa tiki ya kijani. Asiyetoa anabaki na jina tupu, na jina tupu linaongea. Nilifungua simu nikiwa najiandaa kuona langu likiwa tupu. Nikashuka na kidole mpaka chini, nikapanda tena mpaka juu. Halikuwepo. Mweka hazina, mtu mwema kabisa, alikuwa ameliondoa, namba zikapangwa upya, aliyekuwa chini yangu akapanda kwenye nafasi yangu.

Nilimwelewa. Alitaka kunifichia aibu. Lakini mama yule aliyefariki alinilisha miaka minne. Nilikuwa nashinda kwake Jumamosi nzima. Iweje msiba wake unipite, mimi nisiwe hata miongoni mwa wanaodaiwa?

Hapo ndipo nilipoanza kuitazama upya ile mizinga. Miaka yote nilidhani ni kodi ninayotozwa kwa sababu nina mshahara. Kumbe ilikuwa pia daftari la mahudhurio. Anayekuomba anakuhesabu. Anajua upo, anajua una nafasi, na ukimwambia huna atanuna, na kununa kwake kunamaanisha alitegemea uwe nacho. Mtu asiyeombwa kitu amewekwa kundi moja na wagonjwa na wageni.

Nisieleweke vibaya. Wapo wanaomwomba asiye na kitu makusudi, wamuone akijikanyaga. Hao tunawajua na hawahitaji makala. Na kuna mwenye shida ya kweli, hana hata unga, ambaye kumkumbusha mchango ni ukatili. Nazungumzia hali ya katikati, ambako wengi wetu tunaishi: kipato kimekatika, uhai haujakatika.

Wiki moja kabla ya Krismasi akapiga rafiki yangu wa Kibaigwa. Huyu tulianza naye darasa la kwanza, tukaachana njiani, mimi nikaenda vyuo, yeye akaenda magunia. Kila mwaka nyumba tatu tunachanga mbuzi wa sikukuu, yake, yangu na ya kaka yangu.

“Kaka, hela ya mbuzi.”

“Mbuzi gani?”

“Wa Krismasi. Kwani mwaka huu Yesu hazaliwi?”

“Si umesikia nimeachishwa kazi?”

“Nimesikia, pole sana. Elfu hamsini yako lini?”

Nilikasirika, nisidanganye. Nikamwambia sina elfu hamsini ya mbuzi. Akakaa kimya kidogo, nikasikia malori nyuma yake na mtu akigombana kuhusu turubai. Kisha akasema, “Basi ifanyie kazi. Mwaka unaisha na mzigo wangu haueleweki. Wewe si mtu wa stoo? Njoo unihesabie.”

Kwa msiopafahamu, Kibaigwa ipo wilayani Kongwa, pembeni mwa barabara kuu ya Dodoma na Morogoro, na soko lake la mahindi ni miongoni mwa makubwa nchini. Msimu ukikolea, baada ya mavuno, malori yanapanga foleni na vumbi la pumba linakaa kwenye kope. Desemba pametulia kiasi. Wanaouza ni wale waliohifadhi wakisubiri bei, na rafiki yangu ni mmoja wao.

Ghala lake lina joto la kukutoa machozi. Magunia yamepangwa mpaka karibu na kenchi, mengine mapya, mengine yameshonwa viraka, na kuna kona moja ya lumbesa, yale yaliyojazwa kupita mdomo yakafungwa kwa kilemba cha nyavu. Daftari la kijana wake lilisema 412. Tulihesabu tabaka kwa tabaka, mimi naita, kijana anaandika, tukapata 397. Tukarudia, 397. Rafiki yangu akaanza kumtazama kijana kwa jicho lile. Nikamwambia subiri kwanza, tuchome.

Nikachukua bambo. Ni kile chuma chenye ncha na mfereji katikati. Unakichoma tumboni mwa gunia na punje zinateremka kiganjani bila kulifungua. Rundo la mbele lilikuwa safi. La nyuma, ukutani, kiganjani ulishuka unga. Dumuzi, huyu mdudu ambaye wakulima wengi wanamwita Skania, alikuwa ameingia kitambo. Kijana alikuwa ameyaona magunia yaliyoharibika, akaogopa kusema, akayachambua usiku, yaliyofaa akayahamishia kwenye magunia mengine, pumba akauza kwa wafuga kuku. Hela ya pumba alikuwa nayo yote, kwenye soksi, ameikunja pamoja na karatasi ya mahesabu yaliyoandikwa kwa kalamu ya risasi. Hakuwa mwizi. Alikuwa mwoga, na kwenye stoo nimeshaona mara nyingi mwoga akifukuzwa kama mwizi.

Tulimaliza jua limezama. Nikamwachia daftari jipya lenye safu nne: kilichoingia, kilichotoka, kilichoharibika, kilichobaki. Ile ya tatu hakuwa nayo, na ndiyo iliyokuwa inamla. Hakunilipa. Alikata elfu hamsini ya mbuzi kama tulivyopatana, nauli nikajitegemea, na akalalamika kwamba mwandiko wangu mbaya. Naomba msimgeuze mtakatifu. Angekuwa na mtu mwingine wa kumhesabia kwa bei hiyo angemwita huyo. Lakini niliporudi Dodoma usiku ule nikiwa nimekaa kwenye kiti cha nyuma cha kosta, nguo zote unga, nilimwandikia mweka hazina wa kundi letu: “Rudisha jina langu. Nitatoa elfu kumi.” Akajibu, “Kaka, usijali.” Nikamwandikia tena: “Rudisha jina.” Likarudi, likiwa la mwisho kabisa kwenye orodha.

Nyumbani kwetu ni kijiji kimoja humo humo Kongwa. Mdogo wangu wa kike alitoka Dar es Salaam kwa treni ya umeme, mara yake ya kwanza, maana safari za mpaka Dodoma zilikuwa zimeanza katikati ya mwaka ule. Alikuwa hazungumzi kingine. Saa nne hazijatimia, na basi lilikuwa linakula mchana mzima! Yeye ndiye aliyepanga nani aje na nini: mafuta, sukari, ngano ya maandazi, soda. Kwangu aliandika, “Wewe kaka njoo tu.”

Nilikwenda na mchele kilo tano. Miaka yote huwa ni gunia dogo la kilo ishirini na tano. Tulipofika, watu wakatoka kutupokea, salamu za Kigogo, mbukwenyi mbukwenyi, mpaka mlangoni, mizigo ikashushwa, na kila mmoja akajifanya hauoni ule mfuko wangu. Kaka alianza kueleza habari za mvua. Dada akawaita watoto waje kusalimia, watoto ambao walikuwa wameshasalimia. Mama peke yake ndiye aliyeuliza.

“Baba, mchele uko wapi?”

Kimya.

“Huu hapa, mama.”

Akaunyanyua, akaupima kwa mkono. “Ndio wote?”

“Ndio wote.”

“Haya. Tutachanganya na wa dada yako. Mwakani usinifanyie hivi.” Akaingia nao ndani.

Kaka alimfuata jikoni kumnong'oneza kwamba si vizuri, hali yangu anaijua. Tulimsikia wote akijibiwa, kwa sauti isiyo ya kunong'ona, kwamba hali anaijua, yeye alikuwa anaulizia mchele tu.

Jioni yake baba mkubwa, ambaye ni mzee wa zaidi ya miaka themanini, alinikalisha chini ya mti. Nilijua anataka kunipa pole ya kizee, nikajiandaa. Akaanza kunisimulia mradi wa karanga. Kongwa nzima imekua na hadithi hiyo. Waingereza walikuja 1947, vita vimeisha na kwao mafuta ya kula hayatoshi, wakaamua nchi yetu hii ilimwe karanga. Wakaleta matrekta, mengine yametengenezwa kutokana na vifaru vya vita, wakavuta reli kutoka Msagali, wakafunga minyororo mizito kati ya matrekta mawili kung'oa vichaka. Mibuyu ikawashinda. Mvua ikawashinda. Udongo wetu ukikauka ukawa unavunja majembe, na karanga zilizokomaa zikabaki chini hazichimbiki. Ilipofika 1951 mradi ukafutwa, pauni milioni 36 zimekwenda, na vibarua wakarudi walikotoka.

Babu yetu alikuwa mmoja wa vibarua hao. Baba mkubwa alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. “Alirudi na koti la kaki,” akasema, “na hana kazi. Wiki ile ile wakaja ndugu, kuna kijana anaoa, ng'ombe wa mahari hawajatimia. Wakamwambia, na wewe toa.”

“Akatoa?”

“Akatoa mbuzi mmoja. Akabaki anadaiwa. Alidaiwa mpaka mimi nikaota ndevu.” Akacheka, meno yaliyobaki yakaonekana. “Wangemwambia apumzike, angewachukia.”

Sikumuuliza kama alikuwa amesikia habari ya mchele. Kijiji chetu si kikubwa.

Krismasi yenyewe ilikuwa Krismasi. Kanisani kwaya tatu, ibada ndefu, jenereta likazima katikati ya wimbo na watu wakaendelea bila kinanda, ikawa afadhali. Mbuzi alikuwa mgumu, rafiki yangu alinunua mzee. Pilau lilitosha. Mvua ilikuwa imeshagusa, kwa hiyo kesho yake alfajiri waliokuja likizo na wasiokuja likizo wote tuliingia shamba, mtama na alizeti, mpaka jua likatufukuza.

Kikao kilikuwa jioni ya tarehe 26. Mtoto wa kaka alikuwa amechaguliwa kidato cha kwanza, shule ya bweni. Ada ya kidato cha kwanza mpaka cha nne kwenye shule za serikali ilifutwa tangu 2016, lakini mwenye mtoto wa bweni anajua: godoro, shuka, ndoo, sare jozi mbili, viatu, madaftari makubwa, mkebe wa hisabati, nauli. Kaka alikaa na karatasi, akagawa. Dada hiki, shangazi kile, mimi akaniruka.

“Niandike,” nikasema.

“Mdogo wangu, wewe pumzika mwaka huu.”

“Niandike kaka.”

“Utatoa nini sasa?” Alisema vibaya, na alipoona amesema vibaya akatazama karatasi.

Dada akaingilia, shangazi akaingilia, ikawa kelele ya kawaida ya kwetu. Mama alikuwa anachambua mlenda pembeni, hakuinua kichwa. “Mwandike,” akasema. “Miaka yote hiyo alikuwa ananunua vitu vya watu. Na hivi akanunue.”

Ikapita hivyo. Wote wakanikabidhi hela zao, nikaongeza elfu ishirini yangu, na nikapewa kazi ya kununua kila kitu. Wiki ya kwanza ya Januari nikazunguka maduka ya jumla karibu na soko la Majengo. Hapo niko kwangu. Najua mwenye duka anayepunguza bei asubuhi kabla hajafungua kinywa kwa mteja wa kwanza, na yule anayekuuzia godoro la inchi nne akikuandikia sita. Niliomba risiti ya kila kitu, nikaibandika kwenye karatasi, nikaandika chenji iliyobaki: 8,500. Mke wangu alishona sare zote mbili, akatoza nusu bei, akataka alipwe taslimu, akalipwa.

Kazi bado sijapata. Nimepeleka barua sehemu kadhaa, fomu za NSSF nimejaza, na mwisho wa kila mwezi nakwenda Kibaigwa kufunga daftari, sasa kwa malipo, madogo, tunayagombania kila mara.

Siku mtoto aliporipoti shule kaka alinipigia kutoka getini. Hakusema ahsante. Alisema viatu vimezidi namba mbili, mtoto anaburuta miguu, na anataka kujua ni nani aliyenituma kununua viatu bila kipimo. Nikamwambia atakua navyo. Akasema atakua lini, masomo yanaanza kesho. Nikamwambia aweke soksi mbili. Tumegombana hivyo mpaka salio lake likaisha, na akanitumia ujumbe wa bure wa kuomba nimpigie ili aendelee.